Mwamba Ukiwa Karibu, Mtetemo Hauna pa Kwenda

Hapa Mombasa, mafundi wakichimba msingi na sururu ikagonga mwamba wa matumbawe, kazi husimama kidogo. Watu wanapongezana, mwenye nyumba anapigiwa simu: tumefika. Na ni haki yao kufurahi. Nyumba ya ghorofa nne iliyokalia matumbawe mazima haizami wala haiinami, na bei ya nondo na simiti inashuka. Kazi yangu ni misingi, na mlio huo nimeufurahia mara nyingi.

Lakini iko mizigo isiyotulia. Jenereta, kompresa ya kiwanda cha barafu, mashine ya kusaga nafaka, pampu kubwa ya maji. Hii hupiga ardhi mara nyingi kila sekunde, mchana na usiku, na suala lake si kama ardhi itaubeba uzito. Karibu kila mara itaubeba. Suala ni mtetemo unaoingia ardhini unaelekea wapi. Hapo ndipo mwamba ulio karibu, rafiki wa kila mjenzi, unapoweza kuleta taabu ambayo hakuna aliyeitarajia. Nimeona mara nyingi mno mashine ikifungwa mjini kwetu kwa kuulizia uzito peke yake, ndiyo maana nataka nilieleze jambo hili kwa kirefu, pamoja na hesabu zake.

Tuanze na ardhi yenyewe. Kisiwa cha Mombasa si kitu kimoja. Upande wa mashariki, kuanzia Mji wa Kale hadi Kizingo, na ng'ambo kule Nyali na Bamburi, chini kuna matumbawe yaliyogeuka jiwe, mabaki ya miamba ya bahari ya enzi ya Pleistosini. Ndiyo mawe yanayokatwa kwenye matimbo, na ndiyo Wareno walioyakalia walipojenga Ngome ya Yesu kati ya 1593 na 1596. Upande wa magharibi wa kisiwa matumbawe yanapungua na mchanga unashika nafasi yake; wanajiolojia wanauita mchanga wa Kilindini. Ukivuka Makupa kwenda Changamwe na Miritini unakuta kitu kingine kabisa: mwamba laini wa tope lililoganda, wa enzi ya Jurasiki, unaobanduka kwa magamba na kuvimba ukilowa. Watu wa huko wanaujua vizuri kwa sababu ndio unaopasua kuta zao kila msimu wa mvua.

Juu ya hayo yote kuna kazi ya mikono ya watu. Matimbo ya zamani yamefukiwa kifusi kisha yakajengwa. Mji wa Kale umekaliwa karne nyingi, na kila kizazi kimejenga juu ya mabomoko ya waliotangulia: chokaa, vigae, mchanga, mawe yaliyoanguka. Kwa hiyo viwanja vingi vya mji huu, ukivikata kama mkate, vina umbo lilelile: mita mbili, tatu, tano za kitu kilicholegea, kisha ghafla jiwe. Kwa anayesomea mitetemo, umbo hilo lina sura yake peke yake katika hesabu.

Hesabu hiyo ilianza zamani kidogo. Mwaka 1904 Horace Lamb wa Uingereza alikokotoa namna pigo moja kwenye nukta moja juu ya ardhi linavyotawanya mawimbi. Alichukulia kwamba ardhi ni ya aina moja na inaendelea kwenda chini bila kikomo. Mwaka 1936 Reissner aliondoa nukta akaweka bamba la duara linalotetema, na hapo ndipo somo la misingi ya mashine lilipozaliwa hasa. Kisha 1966 Lysmer na Richart wakalirahisisha kwa namna ambayo mpaka leo naistaajabia: walionyesha kwamba ardhi yote iliyo chini ya msingi wa duara, pamoja na mawimbi yake yote, yaweza kuwakilishwa na springi moja na shokabsoba moja. Ukijua upana wa msingi, uzito wa udongo na kasi ya mawimbi ndani yake, unapata vyote viwili kwa kalamu na karatasi.

Tuijaribu. Chukua bloku ya zege ya duara yenye nusu kipenyo cha mita 1.2 na unene wa mita 1.2. Hizo ni tani 13 hivi. Weka juu yake jenereta ya tani 3. Jumla tani 16. Udongo wa chini uwe mchanga wa wastani ambao mawimbi ya shia, yale yanayosukuma chembe upande kwa upande, hukimbia ndani yake mita 180 kwa sekunde. Springi ya ardhi inatoka nyutoni milioni 400 kwa mita, yaani ungehitaji mzigo wa tani 40 hivi kuibonyeza milimita moja. Bloku ya tani 16 juu ya springi kama hiyo, ukiishtua na kuiacha, hupiga mara 25 kwa sekunde.

Sasa angalia jenereta. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na jenereta nyingi hapa zinaupata kwa kuzunguka mara 1,500 kwa dakika. Gawanya kwa 60: mara 25 kwa sekunde. Injini ina mapigo mengine pia, niyaache kwa leo. Mashine na msingi vinapiga kwa mwendo mmoja, na kila mwanafunzi wa uhandisi amefundishwa kuikimbia hali hiyo, kwa sababu kila pigo linakuja wakati msingi tayari unaelekea huko huko, na mtikisiko unakua.

Hapa shokabsoba ndiyo inayookoa. Kwa vipimo hivi nguvu yake inafika asilimia 45 ya ile ambayo ingezuia bloku isirudi na kwenda hata mara moja. Kwa shokabsoba kubwa hivyo, hata mapigo yakioana kabisa, mtikisiko unazidi ule wa kusukumwa polepole kwa asilimia 12 hivi basi. Jenereta inanguruma, zege inatulia. Ndiyo maana mafundi wengi wamefunga mashine juu ya mchanga mnene miaka nenda rudi bila hesabu yoyote, na hakuna kilichotokea.

Lakini hiyo shokabsoba imetoka wapi? Udongo haunyonyi nishati kiasi hicho. Chembe zikisuguana hupoteza asilimia chache tu. Kubwa lililobaki ni mawimbi yanayoondoka yasirudi. Kila pigo la bloku linatuma nishati kwenda chini na pembeni, na ardhi isiyo na mwisho inaipokea yote. Mwaka 1955 Miller na Pursey walikokotoa mgawanyo wake kwa duara linalopiga wima: asilimia 67 inaondoka kama mawimbi ya Rayleigh, yanayotambaa karibu na uso wa ardhi, asilimia 26 kama mawimbi ya shia, na asilimia 7 kama mawimbi ya mgandamizo. Theluthi mbili inatambaa juu juu, yaani inaelekea kwa jirani. Namba hizo ningependa ziwekwe mbele ya kila mtu anayetaka kufunga mashine kubwa kwenye uchochoro.

Hayo yote ni kwa ardhi ya Lamb, isiyo na mwisho. Yetu ina mwisho, na mwisho wenyewe uko mita mbili na nusu chini ya miguu.

Weka matumbawe magumu chini ya mchanga ule ule, kwa kina cha mita 2.5, na usibadilishe kitu kingine. Jambo la kwanza linalotokea linafurahisha: springi inakuwa ngumu zaidi, kwa asilimia 60 hivi, inafika milioni 645. Anayesoma namba hiyo peke yake atasema msingi umeimarika. Jambo la pili halionekani katika ripoti ya kawaida ya udongo. Wimbi linaloshuka kutoka chini ya bloku linatanuka kama koni, linafika kwenye jiwe, na karibu lote linageuzwa. Kwa mchanga huu wimbi la mgandamizo hukimbia mita 337 kwa sekunde, basi safari ya kwenda na kurudi ya mita 5 inachukua milisekunde 15. Pigo moja la jenereta yetu lina milisekunde 40. Mwangwi unarudi kabla mashine haijamaliza hata nusu ya pigo lake, na unaigonga bloku kwa chini. Kisha unageuka tena, unashuka tena, kila safari ukiwa umetanuka na kupungua kidogo.

Ukijumlisha miangwi hiyo yote unapata tokeo ambalo naliona kuwa kiini cha somo zima. Kuna kiwango cha mapigo ambacho chini yake tabaka haliruhusu nishati kuondoka. Kwa mtetemo wa wima, kwa kina hiki na mchanga huu, kiwango hicho, mimi nakiita mlango, ni karibu mapigo 28 kwa sekunde. Jenereta inapiga 25. Iko chini ya mlango. Shokabsoba ya asilimia 45 imetoweka, na kilichobaki ni ule msuguano wa chembe, asilimia chache.

Fanya hesabu iliyobaki. Kwa springi mpya bloku yetu inapiga mara 32 kwa sekunde, basi angalau hailingani na mashine. Lakini bila cha kuizuia, mapigo 25 yanakuza mtikisiko mara mbili na nusu. Gawanya kwa springi iliyo ngumu zaidi, na bado bloku inatembea mara 1.4 ya ilivyotembea juu ya mchanga mtupu. Hiyo ni kwa kuichukulia springi kuwa haibadiliki. Ukweli ni kwamba springi ya tabaka hulegea kadiri mapigo yanavyokaribia ule mlango wa 28, kwa hiyo mapigo ya bloku yenyewe nayo yanashuka kuelekea yale ya mashine, na mtikisiko unazidi. Ardhi imekuwa ngumu zaidi na mashine inatikisa zaidi. Mtu akiniuliza kwa nini nimetumia miaka yangu kwenye jambo hili, jibu ni sentensi hiyo.

Njia ya kuzijumlisha hizo koni kwa matabaka mengi iliendelezwa na John Wolf pamoja na wenzake, Meek katika miaka ya 1990 na baadaye Deeks, na uzuri wake ni kwamba inakwenda kwenye kompyuta ndogo ya mkononi. Kila wimbi linafuatwa hatua kwa hatua: likifika kwenye mpaka wa tabaka, sehemu inapita na sehemu inarudi, kila moja ikiwa na koni yake. Kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ni kazi ya mistari mia chache. Nimeitumia sana kwa sababu unaona kitu chenyewe kikitokea. Unabadilisha kina cha mwamba kutoka mita 2.5 hadi 6, mlango unashuka hadi mapigo 12 hivi, jenereta inaachwa juu ya mlango, na shokabsoba inarudi mbele ya macho yako. Katika hesabu za namna hii, mita tatu na nusu za mchanga zinazidi uzito wa lori la zege.

Wengi siku hizi hutumia programu kubwa zinazokata ardhi vipande vidogo vidogo. Ni nzuri, lakini zina mtego, na nimeona ripoti zilizonaswa. Kompyuta haiwezi kubeba ardhi isiyo na mwisho, kwa hiyo unachora sanduku la udongo na kulikomesha mahali. Wimbi likifika kwenye ukuta wa sanduku linarudi, kama vile kuna mwamba, ilhali hakuna. Lysmer na Kuhlemeyer walitoa dawa mwaka 1969: weka shokabsoba kwenye kuta za sanduku zimeze mawimbi yanayofika. Dawa hiyo inafanya kazi vizuri, lakini lazima ujue pa kuiweka. Mombasa ukuta wa chini ni wa kweli. Mtu akiweka shokabsoba pale kwenye matumbawe kwa mazoea, amefuta kwa mkono wake mwangwi uleule aliokuwa anautafuta, na programu itampa picha ya rangi nzuri inayosema kila kitu ni shwari.

Nyumba iliyonifanya nilishike jambo hili kwa mikono miwili iko Mji wa Kale. Kuta za matumbawe na chokaa, unene wake karibu mkono mzima, dari za boriti, na ukumbini zidaka za plasta zilizochongwa, safu juu ya safu, zenye mabakuli ya kaure ya urithi. Bibi mwenye nyumba alinipokea, nikamwamkia, akanipeleka moja kwa moja kwenye kidaka cha chini.

"Mwanangu, bakuli hili latembea," akasema. "Jioni nalisukuma ndani, asubuhi nalikuta ukingoni."

Nikamuuliza linasogea upande upi.

"Wa dirishani. Siku zote wa dirishani."

Nyuma ya dirisha, ukuta wa pili, kulikuwa na jengo la biashara, na uani kwake jenereta iliyofungwa juu ya bloku mpya ya zege. Nikaweka kiganja kwenye plasta. Mkono hautofautishi mengi, lakini ulitosha: mtetemo mwembamba, wa mfululizo, unaopanda hadi kwenye kiwiko. Kwenye kidaka, chini ya bakuli, vumbi la chokaa lilikuwa limechorwa mstari mwembamba wa safari yake, uliopinda kidogo mwishoni. Bakuli halikuwa likiruka. Kila mtetemo ulilipunguzia uzito kwa sehemu ndogo ya sekunde, nalo likateleza kufuata mwinamo wa kidaka ambao jicho halikuuona.

Bibi alinionyesha pia nyufa. Hapo nilimwambia nilichoamini, na bado nakiamini. Kanuni za Ujerumani, DIN 4150, kwa mtetemo wa muda mrefu kwenye majengo ya kale yenye thamani, zinaweka kikomo cha milimita 2.5 kwa sekunde kwenye ghorofa ya juu. Vipimo tulivyochukua vilikuwa chini ya hapo. Nyufa zile zilifuata boriti zilizooza vichwa na chumvi iliyopanda ukutani, na zilikuwa na rangi ya zamani ndani yake. Mwili wa mtu ni mwepesi kuliko ukuta: kanuni za Waingereza zinasema mtu nyumbani kwake anaanza kuhisi mtetemo kwenye milimita 0.3 kwa sekunde, na ukifika 1 tarajia malalamiko. Kati ya kuhisi na kupasuka kuna pengo kubwa. Lakini pengo hilo lisitumike kumnyamazisha mtu. Bibi hakuwa akilala. Nyumba isiyopasuka lakini isiyolalika haijawa salama.

Uani kwa jirani tulipata ruhusa ya kuchimba shimo dogo la majaribio. Mita mbili na nusu za kifusi, vigae vyeusi vya vyungu, maganda ya chaza, chokaa, kisha matumbawe. Aliyejenga bloku alikuwa ameambiwa kwamba mwamba uko karibu na hapana shaka. Aliambiwa kweli kuhusu uzito.

Ya kurekebisha hayakuwa mengi. Wa kwanza kusema alisema ongezeni zege, na hilo ndilo jibu ninalolisikia kila mahali. Bloku ikiwa nzito zaidi mapigo yake yanashuka kutoka 32, yaani yanasogea kwenye 25 ya mashine. Ungelipia tani kumi za zege ili kuharibu zaidi. Mwingine akataja mtaro wa kukata mawimbi. Majaribio ya Woods ya 1968 yalionyesha kwamba mtaro, ili ufanye kazi ya maana, uwe na kina kama 0.6 ya urefu wa wimbi la Rayleigh. Kwa mapigo 25 kwenye mchanga kama ule, wimbi lina mita 6.7 na mtaro ungehitaji mita 4. Nani atachimba mita 4 kando ya ukuta wa matumbawe uliokaa hapo kabla ya babu zetu? Mimi sitaweka sahihi yangu hapo. Njia ya tatu, kuondoa kifusi na kukalisha bloku juu ya jiwe lenyewe, ni nzuri sana pale panapowezekana, maana springi inakuwa ngumu mno na mashine inaachwa mbali chini. Lakini pale ilimaanisha kubomoa kilichokwisha kujengwa.

Tukachagua springi za chuma kati ya jenereta na bloku. Hesabu yake ni fupi kuliko zote. Springi inayobonyea milimita 10 kwa uzito wa mashine hupiga mara 5 kwa sekunde. Mashine ikipiga 25, mara tano ya hapo, kinachopita kwenda chini ni sehemu moja ya 24, asilimia 4 hivi. Kuna sharti: mabomba ya mafuta na ya moshi lazima yawe na viungo laini, la sivyo mtetemo unapita humo humo na springi zinakuwa pambo. Mafundi wa jenereta walilijua hilo kuliko mimi. Mwenye mashine alikubali bila ugomvi, alipoona kwamba ni rahisi kuliko kila alichokuwa ameambiwa kabla.

Naomba nirudi kwenye vipimo, maana hesabu zote hizi zinasimama juu ya namba mbili: kina cha kila tabaka na kasi ya mawimbi ndani yake. Ripoti za udongo tunazopata kwa kawaida zinatoa mapigo ya nyundo: nyundo ya kilo 63.5 inaangushwa kutoka milimita 760, na unahesabu mapigo mangapi yanazamisha bomba milimita 300. Ni kipimo kizuri cha uimara. Lakini kinaubomoa udongo ili kuupima, ilhali mashine inautikisa kidogo mno, kwa kiasi ambacho chembe hazibadilishi hata mahali pake. Udongo kwenye mtikisiko mdogo hivyo ni mgumu mara nyingi kuliko udongo huohuo unapobonyezwa na nyumba. Mtu akichukua ugumu wa hesabu ya kuzama akauingiza kwenye hesabu ya mtetemo, atapata mapigo ya bloku yaliyo chini sana ya ukweli, na atakuwa na uhakika wa kitu kisichokuwepo.

Kwa hiyo tunapima mawimbi yenyewe. Unapanga jiofoni, vifaa vidogo vinavyohisi mtetemo wa ardhi, kwa mstari, mita moja moja, unaweka bamba la chuma mwishoni, na kijana mwenye mabega anapiga kwa nyundo. Mawimbi marefu yanahisi kilicho chini zaidi, mafupi yanahisi kilicho juu, na kwa kulinganisha kasi zao unajenga picha ya matabaka bila kuchimba. Mjini tunaanza mara tu baada ya swala ya alfajiri, kabla tuktuk na mikokoteni haijajaza njia. Ndipo chati inapokuja safi, na pigo moja la nyundo linaonekana likitembea kutoka jiofoni hadi jiofoni.

Hata hivyo matumbawe yana tabia yake. Si bamba moja. Maji ya mvua yameyala kwa maelfu ya miaka, yakaacha mapango, na mapango mengine yamejaa mchanga au udongo mwekundu. Mahali pengine kuna ganda gumu juu na kitu laini chini yake, kinyume cha kila nilichoeleza, na hapo mawimbi hukimbia ndani ya ganda na njia ya jiofoni hudanganyika kwa urahisi. Toboo mbili za kuchunguza ardhi zilizo umbali wa mita nne zaweza kutoa majibu mawili. Kwa mashine yoyote kubwa juu ya matumbawe nataka toboo zaidi ya moja, na nataka moja ishuke chini ya mahali ambapo mteja anaona inatosha.

Tetemeko la ardhi linafuata kanuni hiyohiyo ya matabaka, kwa kipimo kikubwa. Jijini Mexico, tarehe 19 Septemba 1985, tetemeko lililoanzia mamia ya kilomita mbali, pwani ya Pasifiki, liliangusha majengo ya katikati ya jiji yaliyojengwa juu ya tope la ziwa la kale. Tope lenyewe lilikuwa na makumi ya mita, na mawimbi ndani yake yalikwenda polepole sana, chini ya mita 100 kwa sekunde, hata tabaka zima likawa linayumba mara moja kila sekunde mbili. Majengo ya urefu wa kati, yaliyokuwa na mwendo unaokaribia huo, ndiyo yaliyoumia zaidi. Sisi Mombasa hatuna tope la namna hiyo. Lakini usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko la ukubwa wa 6 hivi baharini karibu na Dar es Salaam lilihisiwa mpaka kwetu, na wanaoishi ghorofa za juu walishuka ngazi kwa haraka. Mchanga wa Kilindini na matumbawe ya Kizingo haviwezi kuwa vilitikisika sawa usiku ule. Mji wenye bandari, matangi ya mafuta na reli ya mizigo unastahili kuwa na ramani ya kasi ya mawimbi, mtaa kwa mtaa, na ninaamini kazi hiyo iko ndani ya uwezo wa vyuo vyetu na wahandisi wetu wenyewe.

Wakati ramani hiyo haijapatikana, anayetaka kufunga mashine aanze na namba iliyoandikwa kwenye kibati chake, mizunguko kwa dakika, aigawe kwa 60. Kisha amuulize aliyepima udongo mwamba uko kina gani, na mawimbi ya shia yanakwenda kasi gani juu yake. Gawanya kasi hiyo kwa mara nne ya kina, zidisha kwa moja na nusu kwa mtetemo wa wima, na unao mlango wa tabaka lako kwa makadirio. Mashine ikiwa chini ya mlango, au karibu nao, usimwage zege bado. Ripoti ikija na kina bila kasi, au kasi bila kina, irudishe kwa aliyeiandika, na ulipie siku moja zaidi ya jiofoni.